Kamera ya ndege na wadudu kwa mkazi wa Tukuyu: achukue ipi kati ya hizi tatu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika sekondari moja hapa Tukuyu. Nataka kuanza kupiga picha za ndege na wadudu, nyingine za kufundishia, nyingine kwa mapenzi yangu tu. Nimejiwekea shilingi milioni mbili na nusu. Muuzaji wa vifaa vilivyotumika ameniwekea chaguo tatu mezani: Canon 6D, ambayo ni fulu-fremu, pamoja na lenzi ya 24–105 kwa 2,400,000, Canon 70D yenye lenzi mbili, 18–55 na 55–250, kwa 1,200,000, na Nikon P900 yenye zumu ya mara 83 kwa 1,100,000. Rafiki zangu wanaopiga picha za harusi wananiambia nisihangaike, nichukue fulu-fremu. Nitapiga zaidi nyumbani kwenye migomba na kahawa, na msituni Rungwe. Likizo nitapanda Kitulo, na Ruaha nitafika siku Mungu akijalia. Je, kuna kamera moja inayofaa ndege na wadudu kwa pamoja?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Chukua 70D na lenzi zake mbili, halafu ile milioni moja na laki tatu itakayobaki usiimalize siku hiyohiyo. Sasa nikueleze kwa nini, maana ukishaelewa sababu hutahitaji kuniuliza tena utakapofika wakati wa kununua lenzi ya pili.

Rafiki zako hawajakudanganya. Ukumbi wa harusi una mwanga hafifu na watu wako karibu, hatua tatu au nne. Hapo sensa kubwa ya fulu-fremu (sensa ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea mwanga) ina faida ya kweli, na lenzi ya 24–105 inamfikia kila mtu. Ndege ni habari nyingine. Kwa ndege, kitu cha kwanza kinachoamua picha ni umbali, cha pili ni mwanga, na bodi ya kamera inakuja nyuma ya hivyo viwili. Fedha yako igawe kwa mpangilio huo.

Tufanye hesabu, kwa kuwa wewe ni mtu wa sayansi. Ukubwa wa taswira inayoangukia kwenye sensa unapatikana kwa kuzidisha urefu wa fokasi (zile milimita zilizoandikwa kwenye lenzi, kama 105 au 250) na ukubwa wa kiumbe, kisha kugawa kwa umbali. Chukua chozi, yule ndege mdogo anayekula nekta, mwenye urefu wa sentimita 12, amekaa mita 5 kutoka ulipo. Kwa lenzi ya 24–105 ukiivuta hadi mwisho wake, taswira yake inakuwa milimita 2.5 kwenye sensa yenye upana wa milimita 36. Hiyo ni sehemu moja ya kumi na nne ya picha. Mwanafunzi wa nyuma darasani hatajua kama ni ndege au jani. Kwa 55–250 iliyovutwa hadi 250, chozi huyohuyo anakuwa milimita 6 kwenye sensa ya 70D yenye upana wa milimita 22.5, zaidi ya robo ya picha.

Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa pikseli, yaani nukta zinazounda picha, ni hivi. Kamera zote mbili zina megapikseli 20, na picha zao zina upana uleule wa pikseli 5,472. Lakini 70D imezibana pikseli hizo kwenye sensa ndogo, kwa hiyo kila milimita inabeba pikseli 243 hivi, wakati 6D inabeba 153 hivi. Chozi wetu anapata pikseli kama 1,450 kwenye 70D na 385 tu kwenye 6D. Hata ungefunga lenzi moja ya 250 kwenye bodi zote mbili, 6D ingempa pikseli 920 hivi. Ndiyo maana wapiga picha wengi wa ndege wenye mfuko wa kawaida wanatumia sensa ya APS-C, yaani ndogo kama hii ya 70D, kwa makusudi kabisa. Fulu-fremu inapendeza kwa ndege pale unapoweza kuifungia lenzi ya milimita 600 yenye f/4 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la kuingiza mwanga ni kubwa), na lenzi hizo zina bei ya gari.

Kuna jambo jingine kuhusu 6D. Ina pointi 11 za fokasi, na ni moja tu, ile ya katikati, iliyo ya msalaba, yaani inayokamata mistari ya wima na ya mlalo kwa pamoja. Inapiga picha nne na nusu kwa sekunde. 70D ina pointi 19, zote za msalaba, na inapiga saba kwa sekunde. Kwa bibi harusi tofauti hiyo haina maana. Kwa ndege anayegeuza shingo kila nukta, ndiyo tofauti kati ya kupata jicho lenye ukali na kupata kisogo.

P900 nisingependa uidharau. Zumu yake inalingana na milimita 24 hadi 2000 za fulu-fremu, na hakuna lenzi utakayoimudu itakayokupa ufiko huo. Ndege kama tandawala aliye mbali kwenye nyasi za Kitulo, au tai aliyetua juu ya mti upande wa pili wa bonde, P900 itakuonyesha kwa kiasi cha kumtambua bila ubishi. Kama lengo lako lingekuwa kumbukumbu ya ndege uliowaona tu, ningekwambia uichukue leo. Tatizo lake ni mwanga. Sensa yake ina upana wa milimita 6 na ushee, eneo lake ni kama moja ya kumi na mbili ya sensa ya 70D, na ukivuta zumu yote tundu la lenzi linabana hadi f/6.5. Tena haihifadhi picha ghafi za RAW, kwa hiyo picha ikitoka na giza huna pa kuirekebisha.

Na mwanga ndio mtihani wa kwenu. Mchana wa jua kali kule Kitulo, ukiweka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400 na f/5.6, kasi ya shata, yaani muda ambao mwanga unaingia, inafika 1/3200 ya sekunde. Kasi hiyo inamgandisha mbayuwayu akiwa hewani. Ingia na kamera hiyohiyo chini ya miti ya msitu wa Rungwe asubuhi yenye ukungu, mwanga unashuka mara hamsini au zaidi, na kasi inaanguka hadi 1/60 au chini yake. Hapo ndege akitikisa kichwa tu picha imeharibika. Unalazimika kupandisha ISO hadi 3200, na 70D kwenye 3200 inatoa picha yenye chembechembe lakini inayotumika. P900 hapo inakuwa imeshachoka. Wewe unaishi upande wa mlima unaopata mvua nyingi kuliko sehemu nyingi za nchi hii, na mawingu yanakaa juu ya vichwa vyenu miezi mingi ya mwaka. Kamera inayotaka jua itakukwaza.

Umeuliza kama kuna kamera moja kwa ndege na wadudu. Bodi inaweza kuwa moja bila shida yoyote. Mgongano uko kwenye lenzi: ndege anataka lenzi inayofika mbali, mdudu anataka lenzi inayokubali kusogezwa karibu. Watu wengi hununua lenzi ndefu kwa kuangalia namba ya milimita tu, wakasahau kusoma umbali mfupi kabisa ambao lenzi hiyo inaweza kufokasi. Namba hiyo imeandikwa kwenye kioo cha kipimo au pembeni ya lenzi, na kwa mtu anayetaka ndege na wadudu kwa pamoja ina uzito sawa na namba ya milimita.

Hapo ndipo 55–250, lenzi ambayo wengi huiona ya kuanzia tu, inaponifurahisha. Ile ya toleo la STM inafokasi kuanzia sentimita 85, na kwa umbali huo kitu kinaingia kwenye sensa kwa karibu asilimia 29 ya ukubwa wake halisi. Maana yake nini? Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya njano, ambaye viwavi wake hula majani ya michungwa na milimau, akitandaza mabawa yake ya sentimita 8 anajaa upana wote wa picha. Kereng'ende wa sentimita 6 anachukua robo tatu ya picha. Na wewe uko karibu mita nzima kutoka kwake, hajashtuka, kivuli chako hakijamwangukia. Kwa hiyo vipepeo, kereng'ende, panzi wakubwa na vunjajungu umeshawapata kwa lenzi hiyohiyo ya chozi, bila kuongeza senti. Muuzaji akikuletea toleo la zamani lisiloandikwa STM, usikatae: linafokasi kuanzia mita 1.1 na ukuzaji wake hauko mbali na huo, ila injini yake ya fokasi ni ya polepole na ina kelele.

Wadogo zaidi, yaani nyuki, sisimizi, mbawakawa wadogo, mayai ya vipepeo chini ya majani, wanahitaji msaada. Hapo ndipo nataka utumie sehemu ya kwanza ya ile akiba. Nunua kioo cha kukuza cha Raynox, ile DCR-150. Ni kipande kidogo kinachobanwa mbele ya lenzi kwa vibanio viwili vya plastiki. Kinashika kwenye lenzi zenye uzi wa milimita 52 hadi 67, na 55–250 yako ina 58. Nguvu yake ni dayopta 4.8. Ukikifunga na kuvuta zumu hadi 250, unapata ukuzaji wa zaidi ya mara moja: nyuki wa milimita 12 anatoka milimita 14 kwenye sensa, karibu theluthi mbili ya picha, huku mbele ya lenzi pakiwa na nafasi ya sentimita 20 hivi. Ndugu yake DCR-250 ana dayopta 8 na anakuza zaidi, ila anakulazimisha usogee hadi sentimita 12 hivi, na anayeanza huhangaika naye. Anza na 150.

Lenzi halisi ya makro, yaani ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, ya milimita 100 ni kitu kizuri, lakini subiri. Itakula akiba yote, na kwa ndege haina msaada wowote.

Ukianza kukuza kiasi hicho, utakutana na ugumu mpya: kina cha fokasi. Kwenye ukuzaji wa mara moja, hata ukibana tundu hadi f/11, sehemu yenye ukali haifiki milimita moja. Unaweza kupata jicho la nyuki, ukakosa bawa lake. Ukibana zaidi ya f/16 picha nzima inaanza kulegea kwa sababu mwanga unapinda kwenye tundu dogo. Kwa hiyo baki f/11, na mpange mdudu wako: hakikisha ubavu wake unalingana na uso wa sensa, ili ukali kidogo ulionao upite kwenye mwili wake wote. Usizungushe pete ya fokasi. Shika kamera kwa mikono miwili, egemeza kiwiko kwenye goti, sogea mbele na nyuma kwa milimita, piga kadhaa mfululizo.

Kwa f/11 mwanga wa kawaida hautoshi, basi kitu cha pili ni flashi. Yoyote inayokaa kwenye 70D na kurekebishwa nguvu kwa mkono inafaa. Si lazima iwe ya Canon. Weka shata 1/200, f/11, ISO 200, nguvu ya flashi robo au moja ya nane. Flashi inapowaka kwa nguvu ndogo, mwako wake ni mfupi mno, na huo mwako ndio unaomgandisha mdudu, kwa hiyo hata mkono ukitetemeka kidogo picha inatoka kali. Lakini flashi tupu inatoa mng'ao mweupe mkali juu ya gamba la mbawakawa na kumfanya aonekane kama amepakwa rangi ya mafuta. Lazima mwanga utandazwe. Kata kidumu cheupe cha plastiki, kile kinachopitisha mwanga kidogo, ukifunge mbele ya flashi kiinamie juu ya lenzi, na ndani yake weka tabaka la karatasi nyeupe nyepesi. Kadiri eneo jeupe linavyokuwa kubwa na karibu na mdudu, ndivyo kivuli kinavyolainika. Vifaa vya dukani vya kazi hiyo vipo, ila hiki cha kutengeneza mwenyewe kinatoa picha nzuri vilevile.

Na kuna zawadi ya nyanda za juu ambayo mtu wa Dar es Salaam haipati: baridi. Mdudu hana joto lake la ndani la kudumu. Asubuhi za Juni na Julai, kabla jua halijapasha majani, kereng'ende na nyuki wa porini wanakuwa wamegandia kwenye mabua, wamejaa umande, hawawezi kuruka. Unamkuta mdudu ambaye mchana hakukubali umkaribie, sasa anakuruhusu uweke kamera kwenye mfuko wa mchanga, upange, urudie. Kioo cha nyuma cha 70D kinafunguka na kugeuka, kwa hiyo huhitaji kulala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa. Kitu kimoja nakuomba kwa dhati: usimtie mdudu kwenye friji ili atulie. Watu wanafanya hivyo, na picha zinajulikana, miguu inakaa vibaya na antena zinaanguka. Baridi ya alfajiri ya Tukuyu inatosha.

Turudi kwa ndege. Mita 5 nilizotumia kwenye hesabu hazipatikani kwa kumfuata ndege. Zinapatikana kwa kumsubiri. Na angalia hesabu ileile inavyosema: lenzi ya 250 kwa mita 5 inatoa taswira sawasawa na lenzi ya 400 kwa mita 8. Ukijua kusogea mita tatu bila kumfukuza ndege, umejipatia lenzi ya 400 bure.

Wewe una migomba, na huo ni mtaji. Ua la mgomba linaponing'inia, lile gamba la zambarau linajiinua juu kwa zamu na kuacha wazi safu ya maua membamba yenye nekta. Chozi anaijua safu hiyo. Anakuja, ananing'inia kichwa chini au anashika ukingo wa gamba, anapitisha mdomo wake uliopinda kwenye ua moja baada ya jingine, anaondoka, na baada ya muda anarudi palepale. Kwa hiyo huna sababu ya kumkimbiza mgomba hadi mgomba. Chagua ua moja ambalo jua la saa moja na nusu au saa mbili asubuhi linaliangaza kutoka mgongoni kwako, na nyuma yake kuna nafasi ya mita kumi au zaidi kabla ya majani mengine, ili mandhari ya nyuma yalainike yawe kijani kitupu. Kaa kwenye kigoda mita 4 au 5, jifunike kitenge chenye rangi iliyofifia au simamisha turubai lenye tundu. Weka fokasi ya kufuatilia, ile iliyoandikwa AI Servo, pointi moja ya katikati, f/5.6, na ISO itakayokupa angalau 1/1000. Lenga ukingo wa gamba kabla hajafika. Akitua, unarekebisha kidogo tu na kubonyeza.

Chozi dume anapogeuka kwenye mwanga, manyoya ya koo yanabadilika kutoka meusi kuwa kijani au zambarau inayowaka, kwa sababu rangi hiyo inatokana na namna mwanga unavyorudishwa na muundo wa unyoya. Inaonekana kwa pembe fulani tu. Usipige mara moja ukaridhika. Piga anapogeuza shingo kukuelekea.

Siku za ukungu mbingu zinakuwa nyeupe, na kamera ikiona weupe mwingi inadhani pana mwanga mno, inamgeuza ndege kuwa kivuli cheusi. Ongeza mwangaza kwa hatua moja au moja na nusu kwenye kile kipimo cha kujumlisha na kutoa. Mandhari yataungua kuwa meupe kabisa. Yaache yaungue, ndege ataonekana.

Sasa lenzi ndefu, ambayo ndiyo inayosubiri sehemu kubwa ya akiba. Pendekezo langu kwako ni Canon 300mm f/4L IS iliyotumika, na baadaye kiongezeo chake cha mara 1.4, kipande kinachokaa kati ya lenzi na kamera na kurefusha lenzi. Ni lenzi ya mwaka 1997, na ukiipata safi bado ni kali sana. Ina uzito wa kilo 1.2, inashikika mkononi mchana kutwa. Ina f/4, ambayo kule msituni inakupa mwanga mara mbili ya lenzi ya f/5.6. Ina kituliza mtikisiko, cha zamani lakini cha msaada. Na kilichonifanya niichague kwa ajili yako: inafokasi kuanzia mita 1.5. Ukiifunga na kiongezeo inakuwa milimita 420 kwa f/5.6, umbali wa karibu unabaki uleule, na kereng'ende wa sentimita 6 anachukua karibu picha nzima. Kwa lenzi moja unatoka kwenye tai hadi kwenye kipepeo bila kufungua begi.

Utasikia watu wakikutajia 400mm f/5.6L. Ni lenzi ninayoipenda kwa ndege wanaoruka, nyepesi na yenye fokasi ya haraka, lakini haina kituliza mtikisiko na haifokasi chini ya mita 3.5. Kwa mtu wa wadudu hapo imeshajiondoa. Wengine watakutajia Sigma au Tamron za 150–600. Kama safari zako zingekuwa za Ruaha zaidi, ningekubaliana nao: kule unapiga ukiwa ndani ya gari, wanyama na ndege wako mbali, jua lipo, na uzito wa kilo 2 unabebwa na dirisha. Lakini kupanda nayo Rungwe kwa miguu kwenye njia ya tope, nikikuangalia wewe na mahali ulipo, hapana.

Wasomaji wenye Nikon wanaweza kufuata njia hiyohiyo: D7200 na lenzi ya AF-S 300mm f/4, inayofokasi kuanzia mita 1.45, ingawa ile ya zamani haina kituliza mtikisiko. Waangalie tu kwamba bodi ndogo za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina injini ya fokasi ndani, kwa hiyo lenzi za kizamani za AF zisizo na injini yao hazitafokasi zenyewe.

Kitulo utapita njia ya Isyonje, najua. Hifadhi ile ilitangazwa mwaka 2005, na uzuri wake kwako ni kwamba unatembea kwa miguu katika nyanda za wazi zenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Nenda wakati wa mvua, kati ya Desemba na Machi, maua yakiwa yamechanua na wadudu wakiwa juu yake. Hapo ndipo pia utakapomkuta mbayuwayu buluu, anayekuja kuzaliana huko na ambaye dunia nzima amebaki mchache. Anatengeneza kiota ndani ya mashimo ya ardhini, chini ya ukingo wa nyasi. Ukiona mbayuwayu anazunguka palepale na kuingia ardhini, ondoka hapo. Usisogee karibu, usikate nyasi kupata mwanga, wala usimpigie sauti yake kwenye simu ili atoke. Mpige picha akiwa anawinda wadudu juu ya nyasi, kwa 1/2500 au zaidi, na akikushinda, shamba la nyasi lote lina wanyama wengine wa kukufundisha kazi.

Ruaha, siku ikifika, beba mfuko wa kitambaa mgumu uliojazwa mchele au maharage kilo mbili, uulaze kwenye dirisha la gari na lenzi juu yake. Unashika vizuri kuliko stendi yoyote, na dereva azime injini. Piga kuanzia alfajiri hadi saa tatu. Baada ya hapo joto linapanda kutoka ardhini na hewa inachezacheza, na ndege wa mbali hatatoka mkali hata kwa lenzi ya bei gani. Kwenye maeneo ya kupumzikia tazama kwenzi kijivu, ndege wa Tanzania peke yake. Wanakuja karibu, 55–250 inatosha.

Kwa hali ya hewa ya Rungwe, adui mkubwa wa lenzi ni kuvu. Inaota ndani ya vioo kama nyuzi nyembamba, na ikishakula tabaka la kioo haitoki. Usihifadhi kamera kwenye begi lake kabatini. Tafuta ndoo au boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, weka ndani vifuko vya silika, na vikishavuta unyevu vikaushe kwa joto dogo na kuvirudisha. Ukitoka kwenye baridi ya Kitulo kuingia nyumba yenye moto, acha kamera ndani ya begi lililofungwa hadi ipate joto la chumba, la sivyo umande utatanda hadi ndani. Betri ya akiba ibebe mfuko wa ndani wa koti, kwa kuwa baridi inazidhoofisha.

Mwisho, hiyo 70D usiilipie kabla hujaishika. Chomoa kila lenzi, washa tochi ya simu upande mmoja na uangalie upande wa pili: ukiona nyuzi au utando, irudishe. Piga ukuta mweupe au mbingu kwa f/16 na ukuze picha kwenye kioo. Madoa yanayokaa palepale kwenye kila picha ni vumbi la sensa, linasafishika, lakini mkwaruzo hausafishiki. Fokasi kwenye gazeti lililosimamishwa mita 3 kwa kila lenzi, ikiwa imevutwa na ikiwa haijavutwa, uone kama maandishi uliyolenga ndiyo yaliyotoka makali. Shata ya 70D imeundwa kuhimili picha 100,000 hivi, na Canon haiandiki hesabu hiyo kwenye picha kama Nikon wanavyofanya, kwa hiyo muulize muuzaji ilikuwa ya nani: iliyokuwa ya studio imepiga nyingi kuliko ya mtu wa familia. Piga picha thelathini mfululizo usikilize kama shata inakwama. Hakikisha chaja ni ya betri ile, na betri inakaa na chaji nusu saa ya kupiga. Akikubali hayo yote, punguza bei kidogo, mlipe. Akikwambia hakuna kujaribu, mshukuru na utafute nyingine. 70D ziliuzwa nyingi sana na hukosi ya pili.